Mashine Mbili za Chigombwe

Niliitwa Chigombwe siku ya Ijumaa asubuhi, na walioniita walikuwa wamekwisha kuharibu kila kinachoweza kuharibiwa na mtu mwenye nia njema. Walikuwa wamechomoa kebo zote na kuzirudisha kusiko. Walikuwa wamezima na kuwasha swichi mpaka kitufe chake kikalegea. Mtu mmoja, sikuambiwa nani, alikuwa ameipulizia ruta dawa ya mbu.

"Mbukwenyi," niliwasalimu kwa Kigogo mlangoni, wajue kwamba nimekuja kwa heri.

"Mbukwa, Fundi. Tumekwisha," alisema Bwana Sajilo Mhembano, msimamizi wa ofisi, mtu mrefu aliyevaa tai siku ya joto. "Dirisha linafungwa leo saa kumi."

Hakuwa na haja ya kunieleza ni dirisha gani. Tangu mvua ianze kugawiwa, hata mtoto wa darasa la pili anajua: kila ofisi ya wilaya hupeleka orodha ya vijiji vyake Bohari ya Mawingu, Bohari huhesabu mawingu yaliyopo, kisha ndege zisizo na rubani hupaa kwenda kuyakamua juu ya vijiji vilivyoandikwa. Asiyeandikwa hanyeshewi. Orodha hupokelewa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, vipimo vya angani vinapokuwa vinasomwa, na kwa msimu wa mvua za kupandia, mwisho ulikuwa Ijumaa ile. Ofisi isiyofika, fungu lake hugawiwa wengine. Chigombwe ilikuwa na vijiji saba vilivyokwisha kutifua mashamba, watu elfu tisa, na kwa siku kumi na mbili ilikuwa imeshindwa kupeleka Bohari hata salamu.

"Saa ngapi sasa?" nikauliza.

"Saa tatu."

"Basi nipeni kiti, na mtu asiguse kitu. Hata kwa kunisaidia. Hasa kwa kunisaidia."

Mimi ni Nyamizi Kasubi, fundi wa mitandao, leseni daraja la kwanza, Mnyamwezi wa Sikonge. Nina miaka ishirini na miwili katika kazi hii na sijawahi kuondoka kwenye ofisi ya mtu nikiacha tatizo ndani. Sisemi hivi kwa kujisifu. Haya, nasema kwa kujisifu, lakini ni kweli.

*

Mtandao wa ofisi ndogo si mzigo wa kumtoa mtu jasho. Pale Chigombwe kulikuwa na kompyuta tano za makarani, printa moja, na seva moja inayotunza orodha ya vijiji. Vyote hivyo vimeungwa kwenye swichi, swichi kwenye ruta, na ruta kwenye dishi lililo juu ya bati. Fundi mchanga huanza na kile anachokishuku. Mimi huanza na waya, kwa sababu waya hauna aibu ya kusema umekatika.

Nilipata kebo mbili mbovu, nikazibadili. Nikarudisha kila kitu mahali pake. Nikakaa kwenye kila kompyuta kwa zamu nikaiita seva, ikaitikia mara mia bila kukosa hata moja. Nikaita Bohari, nayo ikaitikia. Ilipofika saa nne kasoro dakika kumi mtandao ulikuwa mzima na makarani wameanza kupiga makofi. Bwana Sajilo alikwisha kukaza tai na kusogeza kiti ili dirisha likifunguka tu, apeleke.

Saa nne kasoro dakika tano mtandao ukakatika.

Kwenye skrini ya Sajilo yakatokea maneno ya Bohari, mekundu: ANWANI YENU INASEMA KWA SAUTI MBILI. IMEFUNGWA MPAKA ITULIE KWA SAA MBILI.

"Ni maneno hayo hayo kila siku," alisema, na makofi yakafa. "Unakatika saa nne kasoro, unarudi saa moja usiku tukiwa tumefunga ofisi."

"Hakuna hata siku moja uliyokaa vizuri?"

"Jumatano ya wiki iliyopita ulikaa mpaka adhuhuri," alisema mama mmoja kutoka kwenye meza ya pembeni. Huyu alikuwa Bi. Nyemo, karani wa kumbukumbu, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. "Tukadhani umepona."

"Tukasema basi tuipange orodha vizuri," Sajilo akadakia, "tuipige muhuri, tuipeleke mchana kwa heshima. Mchana ukakatika."

"Mtani wangu," nikamwambia, "yaani mvua imekuja mpaka mlangoni, nanyi mkaiambia isubiri muhuri?"

Angenipiga kofi kama nisingekuwa Mnyamwezi. Lakini Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hakasirikiwi, basi akacheka kicheko cha mtu anayeumwa jino. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza ile Jumatano.

"Siku hiyo hali ya hewa ilikuwaje?"

"Kulikuwa na wingu zito mpaka saa sita," alisema Bi. Nyemo. Kisha akafunga mdomo ghafla, kama mtu ambaye angependa kulirudisha neno.

Nililiona hilo, nikaliweka akiba. Ofisi nzima ilikuwa inatumia umeme wa gridi, jua liwe limewaka au limejificha. Kama mtandao unaugua siku za jua tu, basi kuna kitu kinachoamka na jua. Nikaenda kwenye seva, nikachomoa kebo yake kabisa, nikaishika mkononi wote waione. Kisha nikakaa kwenye kompyuta ya Sajilo nikaiita anwani ya seva ile ile.

Ikaitikia.

Nilisisimkwa, nakiri. Kebo ninayo mkononi, seva imekaa kimya mbele yangu kama kuku aliyefungwa miguu, na mahali fulani kwenye jengo hili mwingine anaitika kwa jina lake. Halafu nikacheka peke yangu, maana hapo tatizo lilikuwa limeshajitaja.

Kila mashine kwenye mtandao ina anwani yake, na swichi hupeleka barua kwa kufuata anwani hiyo. Nyumba mbili zikipewa sanduku moja la posta, mwenye kuwahi ndiye anayechukua barua, na kesho atawahi mwingine. Swichi haina akili ya kuuliza nani ni nani. Humwamini aliyesema mwisho.

"Hii seva mliipata lini?" nikauliza.

Sura ya Bwana Sajilo ikang'aa. "Ina miaka mitatu. Ile ya kwanza ilikufa, na ilikuwa imetuhudumia vizuri sana. Sasa wewe unajua, huku kwetu marehemu haondoki na jina lake, hupewa mrithi. Tukaweka siku, tukachinja jogoo, tukanywa togwa, na mimi mwenyewe kwa mkono wangu nikaivisha mpya jina la ya zamani na anwani yake, tarakimu kwa tarakimu."

"Na marehemu mkamweka wapi?"

"Stoo."

"Mkamchomoa kebo?"

Wakatazamana. "Fundi," alisema Sajilo kwa upole, kama anayemfundisha mgeni adabu, "marehemu hanyang'anywi vitu vyake. Tulimwacha navyo."

"Mafahali wawili hawakai zizi moja, mtani. Mmemrithi mtu aliye hai."

*

Ufunguo wa stoo ulitafutwa kwenye droo tatu, kabla Bi. Nyemo hajautoa kwenye pochi yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, nao mtandao ulikuwa umekwisha kumuumbua. Alitangulia, mimi na Sajilo tukafuata.

Ile seva ya zamani ilikuwa imefunikwa kwa kitenge safi, juu ya meza isiyo na vumbi. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka. Waya uliokuwa ukipanda ukutani ulikwenda kwenye sola ndogo juu ya bati, ile ambayo zamani iliwasha taa ya stoo.

"Haikufa," alisema Bi. Nyemo. "Kilichoungua ni kile kiboksi cha kuingizia umeme tu. Nikaifunga kwenye sola. Jua likishika bati, inaamka yenyewe. Likitoka, inalala."

"Dada Nyemo!" Sajilo alishika kichwa. "Siku kumi na mbili tunahangaika!"

"Sikujua kama ndiyo inayowaziba. Kweli sikujua mpaka leo Fundi alipouliza habari ya wingu."

Nikawasha skrini ya ile mashine. Orodha yake ilikuwa ya zamani, na vijiji vilikuwa vinane. Cha nane kiliitwa Ndulumo.

"Ndulumo ilifutwa," alisema Sajilo haraka. "Watu walihamishiwa mji mpya, kwenye pampu. Ni kijiji kisichokuwepo."

Chini ya jina la Ndulumo kulikuwa na ujumbe wa kipimo cha mvua. Kila kijiji kina kipimo chake na mtu wa kukisoma, na usomaji wake huja ofisini kwa redio. Nikafungua.

*Kipimo cha Ndulumo. Leo sifuri. Tupo 211. Matika.*

Huo ulikuwa wa asubuhi ile. Nikarudi nyuma. Jana: sifuri, tupo 211. Juzi: sifuri, tupo 211. Miezi miwili nyuma walikuwa 210, na siku moja huyo Matika aliongeza kwamba mtoto ni wa kike. Nikaendelea kurudi nyuma mwaka mzima, miwili, mitatu, na hapakuwa na asubuhi iliyorukwa. Ile seva mpya haikuwa na jina la Ndulumo, kwa hiyo ilikuwa inazitupa salamu hizi bila kuzifungua. Katika nchi nzima, aliyekuwa akiwasikia watu hawa ni mashine hii chini ya kitenge, na mama mwenye miwani ya uzi.

"Kaya arobaini na tatu zilikataa kuhama," alisema Bi. Nyemo. "Wana visima vya ng'ombe na makaburi yao. Mwaka juzi na mwaka jana, mara moja moja, orodha ya mashine hii, inayojituma yenyewe, iliwahi kufika Bohari kabla ya ile nyingine. Wakanyeshewa. Mwaka huu Bohari wameweka hii sheria ya sauti mbili, sasa haipiti hii wala ile."

"Una ndugu huko?"

"Sina hata mmoja. Nilizoea tu kuwasoma asubuhi."

*

Nilipoinua macho kutoka kwenye zile salamu, ilikuwa saa saba kasoro robo. Ili anwani itulie saa mbili na tubakiwe na muda wa kupeleka, ilibidi uamuzi ufanyike mara moja. Nilizima mashine zote mbili, ya stoo na ya ofisini, muda uanze kuhesabiwa. Tukarudi ofisini, Sajilo akafunga mlango makarani wasisikie.

"Chomoa ile ya stoo, Fundi," alisema. "Usiiwashe tena. Tatizo limekwisha, vijiji saba vinapata mvua, nawe unaandika ripoti yako unakwenda. Elfu tisa kwa mia mbili."

Naomba nisimsingizie. Sajilo si mtu mbaya. Alikuwa na wazazi wake katika kimoja cha vile vijiji saba, na alikuwa hajalala vizuri kwa siku kumi na mbili. Tena alikuwa upande mmoja na kiapo changu. Sisi mafundi wa daraja la kwanza huapa: fundi hutengeneza njia, hachagui kinachopita. Nimekisema kiapo hicho mbele ya wakuu wa wilaya walionitaka nicheleweshe orodha ya jirani zao. Nimewakatalia usoni, na nimetembea kifua mbele kwa sababu hiyo kwa miaka ishirini na miwili.

Na sasa kiapo hicho kilikuwa kinaniambia nichomoe kebo niende zangu. Nilikasirika. Nilimkasirikia Sajilo, nikamkasirikia Bi. Nyemo kwa kunionyesha zile salamu, na zaidi nilijikasirikia mwenyewe, kwa sababu nilikuwa tayari nimeshaijua njia nyingine.

Njia yenyewe ilikuwa rahisi mno. Mashine ya stoo ipewe anwani yake yenyewe, isajiliwe Bohari kama mashine ya pili ya ofisi. Hapo kila moja itasema kwa sauti yake, na zote zitasikika. Kazi ya dakika ishirini. Ila usajili hutaka jina la fundi aliyeuidhinisha na namba ya leseni yake, na mashine hiyo ingeombea kijiji ambacho serikali imeshasema hakipo.

Ningeweza kujidanganya. Ningeweza kusema, mimi nimetoa anwani tu, yaliyomo ndani ya mashine hayanihusu. Lakini nilikuwa nimesoma. Mtu akishasoma "tupo" mara elfu moja, halafu achomoe waya, huyo naye amechagua kinachopita. Nilijua kwamba vyovyote nitakavyofanya, kiapo kimevunjika tangu nilipofungua ule ujumbe, na kwamba lililobaki ni kuamua nitakivunja upande gani.

"Mvua ya hawa mia mbili ikitolewa kwenye fungu la elfu tisa, kila kijiji kinapungukiwa kiasi gani?" nikamuuliza Sajilo.

Akapiga hesabu kwenye karatasi, akaipiga tena. "Kidogo," alisema mwishowe. "Manyunyu ya robo saa."

"Baba yako angekosa mavuno kwa robo saa hiyo?"

Aliikunja ile karatasi. "Baba yangu," alisema, "angenitandika bakora akisikia niliulizwa swali hilo nikasita." Akavua tai, akaiweka mezani. "Lakini jina litakaloandikwa ni lako, Fundi. Mimi siwezi kukuambia uandike."

"Hujaniambia. Nimejiambia."

Niliiwasha mashine ya zamani kebo yake ya mtandao ikiwa nje, nikaipa anwani mpya, nikaizima tena. Kwenye fomu ya usajili, nafasi ya sababu, niliandika: *Kuna watu.* Kwenye nafasi ya fundi niliandika jina langu na namba yangu yote, bila kuficha tarakimu.

*

Saa tisa Bohari ilifungua njia. Tukaziwasha mashine zote mbili, jua likiwa bado limeshika bati, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu zikasimama pamoja kwenye waya mmoja bila kugombana. Niliiita moja, ikaitikia. Nikaiita nyingine, ikaitikia. Makarani hawakujua kwa nini nilikuwa natabasamu ovyo. Kazi nzuri ni kazi nzuri, hata ikikutia matatani.

Nikatuma fomu ya usajili, Sajilo akapeleka orodha. Saa tisa na dakika arobaini simu ya ofisi ikalia, wakanitaka mimi.

"Shikamoo mama," ilisema sauti ya kijana wa kike. "Naitwa Lwiza, afisa wa zamu, Bohari ya Mawingu."

"Marahaba, mwanangu."

"Naona Chigombwe mmesajili mashine ya pili, na inaombea kijiji kilichofutwa. Orodha yenu yote nimeisimamisha. Bila shaka ni kosa la usajili tu, mama. Sema ni kosa, nalifuta hapa hapa, vijiji saba vinapita, na hakuna wa kukuuliza."

"Nisiposema?"

Akashusha sauti. Nadhani hakupenda kazi yake siku hiyo. "Usajili wa fundi wa daraja la kwanza mimi sina mamlaka ya kuufuta. Lazima kamati ikae, na kamati inakaa mvua zikiisha. Kwa hiyo orodha itapita kama ilivyo, vyote vinane. Lakini leseni yako nitalazimika kuisimamisha leo hii, na sijui kama watakurudishia. Sema tu ulikosea, mama. Ni neno moja."

Saa ya ukutani ilisoma kumi kasoro robo. Sajilo alikuwa amesimama mbele yangu, Bi. Nyemo nyuma yake. Niliitazama mikono yangu. Sina mume tena, sina mtoto. Nina mikono hii na leseni ile. Niliogopa, nisiseme uongo.

Lakini angeniomba jingine lolote. Angeniomba niseme nimechoka, nimezeeka, nimelogwa. Ameniomba niseme nilikosea anwani.

"Lwiza, mwanangu," nikasema, "nisikilize vizuri, na uandike. Mimi naweza kukosea chumvi. Naweza kukosea siku ya harusi ya mdogo wangu, na nimewahi. Anwani sikosei. Mashine ile nimeisajili kwa akili timamu, na Ndulumo kuna watu mia mbili na kumi na moja, wamehesabiana leo asubuhi. Kama kuna aliyekosea, ni aliyewafuta."

"Niandike hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Jina ni Nyamizi, binti Kasubi, mjukuu wa Mlekwa, wa Sikonge. Liandike lote, wasije wakamnyang'anya leseni Nyamizi mwingine."

Sajilo alininyang'anya simu. "Na mimi andika," alisema. "Sajilo Mhembano, msimamizi. Mashine zote mbili ni za ofisi yangu, na Ndulumo ni ya wilaya yangu."

Saa kumi kasoro dakika sita skrini ikaandika kwa kijani: CHIGOMBWE. VIJIJI VINANE. IMEPOKELEWA. Dakika mbili baadaye kadi ya leseni kifuani mwangu, ambayo huwaka kitaa cha buluu mchana kutwa, ikazimika. Makarani waliona, wakainamisha macho. Mimi sikuivua. Niliketi nayo hivyo hivyo, imekufa, na sijawahi kujiona fundi kuliko saa ile.

Bi. Nyemo alikuwa ameingia stoo. Nilimsikia akiniita, nikaenda.

"Fundi, hapa pamefunguka pa kuandikia," alisema, kidole kwenye skrini. "Siku zote kwa watu hawa ilikuwa inapokea tu. Sasa inaweza kuwajibu."

"Ndiyo. Ina anwani yake."

Alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. "Hawajawahi kujibiwa. Niwaandikie nini?"

Nikatazama ratiba ya ndege. Zilikuwa zimepangiwa Ndulumo Jumatatu, saa mbili asubuhi.

"Waambie Jumatatu," nikasema. "Watoe mbegu."